Nimefuta historia yote ya simu, mume wangu amejuaje?

"Habari za kazi mtaalamu. Natumia simu ya Tecno ambayo mume wangu alininunulia miaka miwili iliyopita. Mwezi uliopita nilianza kuhisi tatizo la kiafya la kike, nikawa nasoma habari za uvimbe kwenye kizazi na kuangalia video chache YouTube. Sikutaka kumtia mtu wasiwasi kabla sijaenda hospitali, kwa hiyo kila nikimaliza nilikuwa nafuta historia ya Chrome. Baada ya siku chache mume wangu akaniuliza, 'Una tatizo la kizazi, mbona husemi?' Anasema YouTube ya simu yake ndiyo inamletea video hizo mfululizo. Mimi nako Facebook imejaa matangazo ya dawa za asili za kuyeyusha uvimbe. Rafiki yangu ananishauri nitumie ile hali fiche (incognito) ya kivinjari, mwingine anasema nipakue VPN, na fundi mmoja ameniambia simu hizi zinatusikiliza. Isitoshe, nataka kumpa simu hii mdogo wangu wa kiume aliyeko chuo. Nifanyeje historia ifutike kabisa, isibaki popote?"

Dada yangu, pole na maradhi, na pole pia kwa kuulizwa jambo ambalo hukuwa tayari kulisema. Nianze kwa kukutoa hofu. Kwa jinsi ulivyoeleza, sidhani kama mumeo alichungulia simu yako, wala sioni dalili kwamba kuna programu ya kukupeleleza. Yeye mwenyewe amekutajia alikojulia: YouTube ya simu yake. Hilo lina maelezo ya kawaida kabisa, na hutokea sana pale simu inaponunuliwa na mtu mmoja ikatumiwa na mwingine. Kuna uwezekano mkubwa kwamba simu zenu mbili zinatumia akaunti moja ya Google.

Kuhusu historia kutobaki "popote", nitakujibu bila kukupaka mafuta: popote haiwezekani. Kwenye simu unaweza kuifuta. Kwenye akaunti unaweza kuifuta kwa sehemu kubwa. Na kuna sehemu ambazo mkono wako haufiki. Ndiyo maana kabla ya kubonyeza chochote ni vizuri ujiulize unamficha nani, maana kumficha mtu mnayeishi naye ni kazi moja, kumkwepa mwenye matangazo ni kazi nyingine, na kumkabidhi mtu simu yako ya zamani ni ya tatu. Wewe umeniuliza zote tatu kwa pamoja.

Tuanze na ya nyumbani. Simu ya Android ikiwashwa kwa mara ya kwanza huomba akaunti ya Google, yaani Gmail. Dukani, muuzaji anayetaka kukuonyesha kwamba simu ni nzima huingiza yoyote iliyo karibu: ya mnunuzi, wakati mwingine ya kwake mwenyewe. Simu inafika nyumbani inafanya kazi, na hakuna anayejali tena ni Gmail ya nani. Lakini tangu siku hiyo kila unachotafuta Google na kila video unayoiangalia kwenye YouTube huandikwa chini ya jina la akaunti ile. YouTube huchagua video za kukupendekezea kwa kuangalia ulichotazama na ulichotafuta, na haijui kwamba nyuma ya akaunti moja kuna watu wawili. Ukitazama video tatu za uvimbe wa kizazi ukiwa jikoni, jioni mumeo anafungua YouTube yake sebuleni na video ya nne inamsubiri.

Na kufuta historia ya Chrome kusingesaidia hapo hata kidogo. Video uliziangalia kwenye programu ya YouTube, ambayo Chrome haina habari nayo. Vivyo hivyo kile kisanduku cha Google cha kutafutia kilichoko kwenye uso wa simu: ukiandika pale, rekodi inakwenda kwenye akaunti moja kwa moja. Historia ya Chrome ni orodha iliyo ndani ya simu, ya kurasa ulizofungua kwa Chrome katika siku 90 zilizopita. Kuifuta ni sawa na kuchana risiti yako huku daftari la mwenye duka liko palepale kwenye kaunta.

Kuhakikisha ninachosema, fungua Play Store, bonyeza kile kiduara chenye herufi au picha juu kulia, usome anwani ya barua pepe iliyoandikwa pale. Je, ni yako? Unajua nywila yake? Kisha, kwenye mipangilio ya simu, ingia sehemu ya Google, fungua usimamizi wa akaunti, nenda kwenye usalama, na utafute orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti hiyo. Ukikuta simu ya mumeo imo, fumbo limekwisha. Ukikuta jina la kifaa usichokijua kabisa, soma aya zinazofuata kwa makini zaidi, kwa sababu akaunti moja haibebi historia peke yake. Inabeba namba za simu ulizohifadhi, nywila ulizokubali zihifadhiwe, picha kama zinapakiwa Google, na huduma ya kutafuta simu iliyopotea, ambayo humwezesha mwenye akaunti kuona simu iko wapi, kuipigia kengele, hata kuifuta yote akiwa mbali. Kama Gmail iliyomo ni ya muuzaji wa duka, hayo yote yako mikononi mwake, hata kama mwenyewe hakumbuki.

Dawa yake ni kutenganisha akaunti, na hii ndiyo kazi yenye faida kuliko nyingine zote nitakazokutajia leo. Lakini isifanywe kwa haraka. Ukiiondoa akaunti ya zamani kwenye simu kabla ya kujiandaa, namba zote zilizohifadhiwa ndani yake zitapotea kwenye simu yako kwa mkupuo, na hapo ndipo watu hukimbilia kwa fundi wakilia.

Kwanza fungua Gmail yako mwenyewe, kwa namba yako, na nywila ambayo si jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, ili nywila peke yake isitoshe kuingia. Ingiza akaunti hiyo mpya kwenye simu huku ya zamani ikiwa bado ipo. Simu inakubali zaidi ya moja. Halafu hamisha namba: ndani ya programu ya anwani za simu kuna sehemu ya kuzitoa zote kama faili moja na kuliingiza faili hilo kwenye akaunti nyingine. Kwenye WhatsApp, nenda mipangilio ya gumzo, sehemu ya hifadhi rudufu, ubadilishe akaunti ya Google iwe mpya, kisha uhifadhi upya, maana nakala hiyo rudufu ya WhatsApp kwenye Android hukaa ndani ya akaunti ya Google. Picha zilizo kwenye simu zitabaki, ila zile zilizobaki Google tu na kwenye simu hazipo tena, zipakue kwanza. Baada ya hapo badilisha nywila za Facebook, barua pepe na chochote kingine ulichowahi kukubali kihifadhiwe, kwa sababu nywila za zamani bado ziko kwenye akaunti ya mwenzio.

Kabla ya kuiondoa akaunti ya zamani, futa kilicho chako. Ukiwa bado umo, fungua myactivity.google.com. Ukurasa huo unaonyesha mlichotafuta, video mlizoangalia na programu mlizotumia, vikiwa na tarehe na saa. Wengi hushtuka wakiuona kwa mara ya kwanza. Kuna sehemu ya kutafuta kwa neno: andika "kizazi", "uvimbe", na maneno mengine unayoyakumbuka, ufute yanayokuja. Nakusihi usifute kila kitu, kwa sababu kama akaunti ni ya mumeo, historia iliyobaki ni yake, na ukurasa mtupu utazua maswali kuliko video zile. Historia ya YouTube ina sehemu yake humohumo. Ifanyie vilevile, na mapendekezo yatabadilika. Ukishafuta, kitu kinatoweka mara moja kwenye ukurasa wako, kisha Google wanaanza kukiondoa kwenye mifumo yao, jambo ambalo huchukua muda zaidi.

Mwisho kabisa, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, uiondoe ile ya zamani kwenye simu yako. Kuiondoa kwenye simu hakuifuti akaunti. Mumeo ataendelea nayo kama kawaida. Kama hali ni kinyume, yaani akaunti ni yako na yeye ndiye anaitumia, basi kwenye ile orodha ya vifaa chagua simu yake, uitoe, ubadilishe nywila. Mimi ningemwambia tu: "Simu zetu zinachanganya mambo, nimefungua Gmail yangu." Ni kweli, na ni sentensi fupi.

Kwenye akaunti yako mpya, panga ufutaji wa moja kwa moja. Google wana chaguo tatu: miezi 3, 18 au 36. Tangu mwaka 2020 akaunti mpya huja zikiwa zimewekwa miezi 18 kwa shughuli za wavuti na programu. Wewe weka 3. Unaweza pia kuzima kabisa uhifadhi huo. Hasara yake ni kwamba mapendekezo yatakuwa ya ovyo na hutaweza kurudi kwenye ukurasa ulioupenda wiki iliyopita. Watu wengine wanaona ni bei ndogo, wengine hawaiwezi.

Sasa turudi kwenye Chrome, maana nako kuna mitego. Ukibonyeza vidoti vitatu na kuchagua kufuta data ya kuvinjari, kuna sehemu ya kuchagua muda, na mara nyingi huja ikiwa imewekwa dakika 15 zilizopita. Wengi hawaigusi. Wanafuta robo saa na kudhani wamefuta mwaka. Chagua muda wote. Halafu uangalie unachokiwekea alama ya vema: historia ni orodha ya kurasa, vidakuzi ni alama ambazo tovuti huziweka kwenye simu ili zikutambue ukirudi, akiba ya muda ni picha na vipande vya kurasa vilivyohifadhiwa ili zifunguke haraka. Ukifuta vidakuzi utatolewa kwenye tovuti nyingi ulizoingia kwa kivinjari, kwa hiyo uwe unazijua nywila zako. Ukifuta akiba ya muda, kurasa zitapakuliwa upya na bando litaumia kidogo. Hakuna sababu ya kuifuta kila siku.

Na je, Chrome ndiyo kivinjari pekee kwenye simu yako? Simu nyingi za Tecno, Infinix na itel huja na kivinjari kingine tayari kimo ndani, mathalani Phoenix, na kiungo ukikibonyeza kwenye SMS kinaweza kufunguka huko bila wewe kugundua. Wengine wana Opera Mini kwa ajili ya kubana matumizi ya bando. Kila kimoja kina historia yake, na kufuta kimoja hakugusi kingine. Opera Mini ina jambo la ziada linalofaa kujulikana: ukiwasha ile hali ya kubana sana, kurasa hupitia kwanza kwenye seva za Opera ili zipunguzwe uzito, ndipo zije kwako. Unaokoa megabaiti, lakini umemwongeza mtu mwingine njiani. Kwa kusoma habari za mpira sioni shida. Kwa mambo ya afya au ya fedha ningetumia kivinjari kingine. Viungo unavyovifungua ukiwa ndani ya Facebook navyo haviingii Chrome, kwa sababu Facebook ina kivinjari chake cha ndani, chenye historia ya viungo inayokaa siku 30 kama haijazimwa.

Rafiki yako aliyekushauri hali fiche hajakosea, ila ameitarajia ifanye zaidi ya inavyofanya. Ukivinjari kwa hali fiche, ukishafunga vichupo (tabs) vyote simu haibaki na orodha ya kurasa wala vidakuzi. Kwa kumficha anayeshika simu yako, inatosha. Lakini ukiingia kwenye akaunti yako ya Google ukiwa humo, utafutaji wako unaweza kuandikwa kwenye akaunti kama kawaida. Faili ulilopakua linabaki kwenye simu. Tovuti unayoifungua inakuona, mwenye Wi-Fi anaona unakwenda tovuti gani, na kampuni ya simu pia. Mwaka 2020 watumiaji wa Marekani waliwashtaki Google kwa sababu hii, wakisema walidhani hali fiche inawaficha hata kwa Google wenyewe. Kesi ikaishia kwa maafikiano mwaka 2024, na Google wakakubali kuharibu rekodi nyingi za wakati huo. Kama watu waliofika hadi mahakamani walikuwa wameielewa vibaya, rafiki yako asionekane mjinga. Nyongeza moja yenye manufaa: Chrome ina mpangilio wa kufunga vichupo fiche kwa alama ya kidole ukitoka kidogo, na Safari ya iPhone ina kitu kama hicho tangu iOS 17. Uwashe.

VPN ni jibu la swali ambalo hukuuliza. Kazi yake ni kuficha safari ya data kati ya simu yako na mtandao, ili kampuni ya simu au mwenye Wi-Fi asijue unakwenda tovuti gani. Siku hizi tovuti nyingi hutumia https, yaani njia inayofunga data isisomwe njiani, kwa hiyo hata bila VPN kampuni ya simu huona jina la tovuti, mathalani youtube.com, bila kuona video gani. Mumeo hakujulia huko, wala matangazo ya Facebook hayatokani na huko. Kisha ukiwasha VPN, safari yako yote unaikabidhi kwa mwenye VPN, na za bure zina historia mbaya. Facebook wenyewe walikuwa na moja iitwayo Onavo Protect, iliyotangazwa kama kinga, kumbe ilikuwa ikikusanya habari za programu ambazo watu wanatumia. Ikaondolewa kwenye duka la Apple mwaka 2018 na kwenye Play Store mwaka uliofuata. Kwa walioko Tanzania kuna la kuzingatia zaidi: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zake. Kwa shida yako, usihangaike nayo.

Matangazo ya dawa za kuyeyusha uvimbe yanatoka wapi basi? Tovuti nyingi, za magazeti, za maduka, za afya, zimewekewa kipande kidogo cha programu ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, kinachowaarifu Facebook kwamba simu fulani imefungua ukurasa fulani. Ongeza kurasa za Facebook ulizosimama kuzisoma, video uliyoitazama hadi mwisho, maoni uliyofungua. Mfanyabiashara analipa, anapewa wanawake wa umri fulani wanaofuatilia afya ya uzazi, na wewe umo. Hajui jina lako. Facebook ndiyo inayokujua. Ingia kwenye mipangilio ya Facebook, Kituo cha Akaunti, utafute shughuli zako nje ya teknolojia za Meta, uzifute na uzuie zijazo. Kwenye tangazo lenyewe bonyeza vidoti vitatu na ulifiche. Ukifanya hivyo kwa matangazo kadhaa, yanapungua haraka. Kwenye simu, mipangilio ya faragha, sehemu ya matangazo, futa kitambulisho cha matangazo; chaguo hilo lilikuja na Android 12. Wenye iPhone, tangu iOS 14.5 ya mwaka 2021, programu lazima iwaulize kabla ya kuwafuatilia kwenye programu nyingine, nao wana haki ya kukataa bila kupoteza kitu. Na kwa kuwa umezitaja, dada: mimi si daktari, lakini dawa inayouzwa kwa namba ya WhatsApp kabla ya mtu yeyote kukupima naiogopa zaidi kuliko vidakuzi vyote. Nenda ukapigwe ultrasaundi.

Lile la simu kutusikiliza linapendwa sana, na naelewa kwa nini. Unaongea jambo, kesho tangazo lake hili hapa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walichunguza programu za Android zaidi ya 17,000 na hawakukuta inayowasha kipaza sauti kwa siri na kupeleka maongezi. Walichokikuta ni kingine: baadhi zilikuwa zikirekodi kinachoonekana kwenye skrini na kukituma kwa kampuni nyingine. Kwenye Android 12 na kuendelea, programu ikitumia kipaza sauti au kamera, alama ya kijani hutokea juu kulia. Ukiiona bila sababu, ifungue uone ni nani, umnyang'anye ruhusa. Ukweli ni kwamba hawana haja ya kusikiliza. Tunawaandikia wenyewe.

Programu za "kusafisha simu" ziache. Zinaomba ruhusa za kuona mafaili yako yote ili zifanye kazi ambayo mipangilio ya simu inaifanya bure.

Tuje kwa mdogo wako. Kumpa simu ya zamani ni jambo jema, ila fuata mpangilio huu, maana ukiuruka unaweza kumwachia simu isiyofunguka, sawa na tofali. Toa laini na kadi ya kumbukumbu. Kadi hiyo kwa kawaida haijasimbwa, yaani data yake haijafungwa kwa ufunguo wa siri, na ulichokifuta humo kinaweza kurudishwa na fundi mwenye programu ya dakika kumi, kwa hiyo baki nayo. Hakikisha picha, namba na WhatsApp vimehifadhiwa kwenye akaunti yako mpya. Kisha, na hili ni la lazima, ondoa akaunti zote za Google kwenye simu kabla ya kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Tangu Android 5.1 kuna ulinzi dhidi ya wezi: simu ikifutwa huku akaunti ingali imo, ikiwaka inaweza kuidai akaunti ileile na nywila yake. Kama ilikuwa ya muuzaji wa duka aliyehama mtaa, mdogo wako atabaki nayo mkononi haifunguki.

Baada ya kuondoa akaunti, nenda kwenye mipangilio, mfumo, sehemu ya kurejesha, uchague kufuta data yote. Je, fundi hawezi kuirudisha? Inategemea umri wa simu. Simu zilizotoka na Android 10 au toleo la baadaye ni lazima ziwe zinasimba data yake, na kuirudisha kiwandani kunaharibu ufunguo, kilichobaki hakisomeki. Simu yako, kama ilinunuliwa mpya miaka miwili iliyopita, iko kundi hilo. Simu za zamani za bei nafuu, zenye Android 8 au 9 za uwezo mdogo, baadhi hazikusimbwa. Kwa hizo, futa, jaza nafasi yote kwa video zisizo na maana, halafu futa tena. Inachosha, lakini inasaidia.

Kabla ya kuifuta simu, fungua WhatsApp uangalie vifaa vilivyounganishwa. WhatsApp inaruhusu hadi vinne zaidi ya simu yenyewe, na kompyuta ya ofisini uliyoiunganisha siku moja inaweza bado inasoma ujumbe wako. Toa usivyovijua. Hili ulifanye hata kama simu hugawi. Ukiwa na laini mkononi piga *106#, uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tanzania na Kenya zote mbili namba hiyo hutumika kwa kazi hii. Ukikuta laini usiyoijua, hilo halitatuliwi kwa simu. Nenda duka la kampuni husika ukiwa na kitambulisho chako.

Msaada wa ana kwa ana utauhitaji wakati gani? Ukigundua akaunti ya Google si yako, nywila huijui na mwenyewe hapatikani, usikubali fundi wa kibandani "aivunje". Rudi dukani uliponunua ukiwa na risiti na boksi lenye IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu. Ukipeleka simu kutengenezwa kioo, toa laini na kadi, na usiandike nenosiri lako kwenye karatasi ya mapokezi kama kazi haihitaji simu kufunguliwa. Samsung tangu 2022 wana hali ya matengenezo inayomwezesha fundi kujaribu simu bila kuona vitu vyako. Kwa simu nyingine, njia bora ni kukaa pale mpaka amalize. Kama kuna kampuni inayotumia taarifa zako vibaya na haisikii, Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake inayopokea malalamiko. Kenya wana sheria yao ya 2019 na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Na kuna dada mwingine anayesoma hapa ambaye hali yake si kama yako. Kwake anayeshika simu yake anafoka, anatishia, au anajua alipokuwa kabla hajafika nyumbani. Kwako wewe nimesema tenganisha akaunti. Kwake yeye nasema usifute wala usiondoe kitu leo. Simu iliyokuwa imejaa ikawa tupu ghafla, au akaunti iliyotoweka, humwambia anayekufuatilia kwamba umeshtuka, na ukifuta programu ya upelelezi unafuta pia ushahidi. Tumia simu ya mtu unayemwamini, au kompyuta ya mahali pengine, kutafuta msaada. Tanzania vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kenya kuna namba ya bure 1195. Waeleze kuhusu simu kama unavyowaeleza mengine, na uwaulize waliopo pale lini ni salama kuigusa.